Kabla ya kulaumu programu, kagua saa

Jamani, mota ya servo ikikaa upande, wengi wetu tunakimbilia kubadilisha programu. Mimi nasema tuanze na saa ya chipu. ATmega328P mpya hutoka kiwandani ikitumia saa ya ndani ya 8 MHz iliyogawanywa kwa 8, yaani 1 MHz tu. Ukiandika programu ya 8 MHz na kuiacha biti ya CKDIV8 ilivyo, kila mpigo utakuwa mrefu mara 8.

Hata ukishairekebisha, saa hiyo yaweza kukosea hadi asilimia 10. Mpigo wa milisekunde 1.5 ukipotoka kwa 0.15, servo inayozunguka digrii 90 kwa milisekunde 1 itakosea digrii 13 hivi. Mkono wa roboti hautashika kitu! Tieni kristali, mpange na biti za CKSEL. Ama mnaonaje?