Wimbo juu ya mbavu za mtu

Kaa mkao wa kula, leo tunatua Urusi ya Wakomunisti.

Hivi wewe, ukiupenda wimbo, uko tayari kuusikiliza juu ya mbavu za mtu? Usicheke! Kule Leningrad (siku hizi St. Petersburg), kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1940, vijana walitaka muziki wa Magharibi na madukani haupo. Wakawa wanachukua picha za eksirei zilizotupwa hospitalini, wanazikata duara kwa mkasi, wanatoboa tundu la katikati kwa sigara, halafu wanachonga wimbo juu yake kwa mashine ya kujiundia. Unaweka kwenye gramafoni, muziki unalia, na fuvu la mtu usiyemjua linazunguka mbele yako! Ni upande mmoja tu, na haikawii kuchakaa. Ruslan Bogoslovsky, mmoja wa vinara wa biashara hiyo, alitupwa jela, akatoka, akachonga tena, akafungwa tena. Mtu na penzi lake, bwana.

Baadaye zikaja tepu, watu wakawa wanarekodiana majumbani. Serikali nayo ikawa na bendi zake: suti safi, nyimbo zimekaguliwa. Machi 1981 ikaruhusu klabu ya roki pale Leningrad, ila maneno ya wimbo lazima yapitishwe kwanza. Wakubwa hawakuwa wajinga. Ukiwakusanya watundu wote chini ya paa moja, huna haja ya kuwatafuta.

Humo ndimo alimotokea ninayemzimia mimi, Viktor Tsoi wa bendi ya Kino. Baba ana asili ya Korea, mama Mrusi. Dogo ana sura ya upole, sauti nzito, nguo nyeusi tii. Sasa sikia kasheshe: Urusi ile kukaa bila kazi lilikuwa kosa la jinai, na kupiga roki hakukuhesabiwa kazi. Tsoi afanye nini? Mwaka 1986 akaingia kwenye chumba cha boila, akawa anatupia makaa ya mawe motoni ili nyumba za watu zipate joto. Staa mzima, uso umejaa masizi! Na hakuacha upesi, alidumu humo hadi 1988, wakati kaseti zake zimeshazagaa nchi nzima.

Juni 1990 Kino wakapiga uwanja wa Luzhniki, Moscow, maelfu kwa maelfu wakifurika. Haikupita hata miezi miwili. Agosti 15, huko Latvia, gari lake likagongana uso kwa uso na basi. Alikuwa na miaka 28. Sauti yake ya nyimbo mpya ilikuwa imebaki kwenye kaseti, wenzake wakaichukua, wakaongeza vyombo, wakaitoa albamu yenye jalada jeusi tupu.

Na kile chumba cha boila? Kikageuzwa makumbusho. Mashabiki wanaingia na magitaa yao.

Wiki ijayo, panapo majaliwa.