Fundi wa Jadi Anastahili Darasa

Mwanafunzi anayeingia Gredi ya 10 hutakiwa kuchagua mkondo mmoja kati ya mitatu: sayansi na teknolojia, sayansi za jamii, au sanaa na michezo. Kundi la kwanza lilifanya uchaguzi huo kabla ya kuingia darasani mwaka 2026. Nimepata kuzungumza na walimu kadhaa wa Kitui na Makueni juu ya jambo hili, na kauli niliyoisikia mara nyingi kupita zote ni kwamba mkondo wa tatu umewekwa kwa ajili ya "wale wasioweza". Ajabu iliyoje! Kauli hiyo inatamkwa katika nchi ya Wakamba, watu ambao vinyago vyao vimepamba sebule za Ulaya na Marekani kwa zaidi ya nusu karne, na ambao syondo zao zimebebwa begani na wanawake wa kila tabaka, kutoka sokoni hadi bungeni.

Wanaosema hivyo hudhani kwamba fundi huzaliwa hivyo, hana alichosomea. Hebu tumtazame Mutisya Munge wa Wamunyu, mji ulio kwenye barabara ya kutoka Machakos kwenda Kitui. (Makueni nayo ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Machakos hadi mwaka 1992, kwa hiyo habari zake ni za nyumbani.) Mutisya alipelekwa Tanganyika wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, na huko akakutana na wachongaji wenyeji, simulizi nyingi huwataja Wazaramo, nyingine Wamakonde. Aliporejea kwao alikuwa na ujuzi wa kuchonga sanamu ambao Ukambani haukuwa umezoeleka. Wakamba walikuwa mafundi tangu kale, walichonga vigoda vya wazee na kuvitia nakshi za waya uliozungushwa, wakachora vibuyu kwa ncha ya kisu. Lakini sanamu ya kuuza ilikuwa kitu kipya. Mutisya aliwafundisha wanawe, kisha majirani, na baada ya Vita vya Pili kazi hiyo ikaenea hadi Nairobi na Mombasa. Kufikia mwaka 1963 Wakamba walikuwa na chama chao cha ushirika cha uchongaji kule Changamwe.

Yako mambo mawili ya kuzingatia hapo. Kwanza, wapo wasomi wanaodharau uchongaji wa Wakamba kwa hoja kwamba si "wa jadi", kwani uliazimwa ugenini na ukalelewa na watalii. Mimi ni mwanaisimu, na hoja hiyo hainitishi. Lugha ninayoiandikia makala haya imeazima kutoka Kiarabu, Kihindi, Kireno na Kiingereza, na hakuna anayethubutu kusema si yetu. Jadi ni kile ambacho mzee amemkabidhi kijana, na kijana akakiongezea chake. Pili, na hili ndilo zito, Mutisya alisoma. Alikuwa na walimu, alikaa miguuni pao, kisha naye akawa mwalimu. Kilichokosekana ni jengo lenye kengele tu.

Kiswahili kinalijua jambo hili kuliko Wizara. Maneno fundi, fundisha, mafunzo na mwanafunzi ni ndugu wa tumbo moja. Yote yanatokana na shina la kale la kufunda, yaani kumpa kijana maarifa ya kuishi. Wakamba wamelichukua neno fundi na kulitamka vundi. Vivyo hivyo kitenzi kuchora: leo mwanafunzi hukifikiria kuwa ni kazi ya penseli na karatasi, lakini maana yake ya zamani ni kukata alama kwa kisu juu ya mti au kibuyu. Katika lugha, kalamu na kisu vilikaa benchi moja. Sisi ndio tuliovitenganisha, kimoja tukakipeleka ofisini na kingine kando ya barabara.

Nchi nyingine zimekumbwa na tatizo hili hili. Kusini mwa Bara Hindi, katika jimbo la Kerala, kuna sanaa ya kale ya kuchora kwenye kuta za mahekalu. Rangi zake kuu ni tano: nyekundu na manjano za madini ya ardhini, kijani, nyeusi ya masizi ya taa ya mafuta, na nyeupe ambayo ni chokaa ya ukuta wenyewe. Mwaka 1970 moto ulizuka katika hekalu la Guruvayur na kuteketeza michoro yake ya zamani. Hapo ndipo watu walipogutuka kwamba mabingwa wa kuirudishia michoro hiyo walikuwa wamebaki wachache mno. Wakubwa wa hekalu hawakuishia kuwalipa wazee hao kwa kibarua cha ukuta mmoja. Mwaka 1989 walifungua chuo, wakamweka mmoja wa mabingwa hao, Mammiyur Krishnan Kutty Nair, kuwa mkuu wake, na mafunzo yakapangwa kuwa ya miaka mitano. Mwanafunzi huanza na mstari. Huchora mistari kwa muda mrefu, akirudia na kufuta, kabla ya kuruhusiwa kugusa rangi. Anayedhani sanaa ni kimbilio la wavivu na akajaribu mwaka mmoja wa mistari.

Je, sisi tungemweka mchongaji wa Wamunyu au msusi wa Mutomo kuwa mkuu wa chuo? Tungemwuliza vyeti.

Niliwahi kuwapeleka wanafunzi wangu Kitui kukusanya msamiati wa ususi wa kyondo. Walikwenda na daftari, na kila hatua waliuliza, "Hii inaitwaje?" Mama mmoja mzee aliwajibu mara mbili tatu, kisha akanyamaza. Alipoulizwa tena aliwapa nyuzi, akasema hawezi kuwatajia jina la kitu ambacho mikono yao haijakijua. Mchana kutwa walisokota nyuzi mapajani hadi ngozi ikawawasha. Maneno yalikuja jioni, na yalikuja mengi. Nimesoma vitabu kadhaa vya mbinu za utafiti wa lugha, na sikumbuki kimoja kilichonieleza hilo kwa ufupi namna ile. Maneno hayo hayamo katika kamusi yoyote niijuayo, na wajukuu wake hawayatumii.

Sisemi kwamba karakana hazina ila. Mchongaji anayelipwa kwa kipande, na bei ikawekwa na dalali, atachonga twiga yule yule miaka thelathini. Hana nafasi ya kujaribu chake. Ndio sababu vijana hukimbia. Na miti nayo imekwisha. Muhugu na mpingo vilikatwa bila kupandwa hadi, katika miaka ya 1990, wachongaji wakahimizwa kuhamia mwarobaini, mti ambao, kwa bahati, asili yake ni huko huko Bara Hindi.

Basi hapana budi mkondo wa sanaa utengewe watu na vitu. Kenya imekwisha kuwa na sera ya kutambua ujuzi uliopatikana nje ya darasa. Itumike kumpa fundi mzee kibali cha kuingia shuleni na kulipwa kama mkufunzi, si kualikwa siku ya wazazi avae ngozi na kupigiwa makofi. Shule ya upili ya Makueni au Kitui yenye mkondo huo na ipande miti yake ya kuchonga ndani ya uzio, maana mpingo unaopandwa leo utachongwa na wajukuu wa wanafunzi hawa. Walimu wa Kikamba na Kiswahili nao wakae karakanani pamoja na wanafunzi, daftari zikiwa mfukoni kwanza. Na mwalimu atakayeulizwa na mzazi kama mkondo wa sanaa ni wa wasioweza, amwombe mzazi huyo aanze mwanzo wa kyondo, ule mduara mdogo wa chini, aone utamchukua siku ngapi.