Santuri za Mbaraka Zisitupwe

Katika nyumba za wazee, tangu Machame mpaka Rombo, zingalimo santuri zilizonunuliwa kwa fedha ya kahawa. Mzee akifariki, warithi hugawana kihamba na ng'ombe. Santuri hutupwa jaani au huuzwa kwa bei ya bure. Jambo hili halifai kunyamaziwa.

Tuchukue mfano wa santuri za Ukumbusho, zenye nyimbo za marehemu Mbaraka Mwinshehe. Zilitolewa Nairobi na kampuni ya Polygram baada ya mwanamuziki huyo kufariki katika ajali ya gari huko Mombasa, Januari 1979. Huyu ndiye aliyekwenda na Morogoro Jazz kwenye Maonyesho ya Osaka, Japani, mwaka 1970, na mwaka 1973 akaunda Super Volcano.

Kwa nini sauti ya Mtanzania ichapwe Nairobi? Kwa sababu nchi yetu haikuwa na kiwanda cha santuri. Radio Tanzania Dar es Salaam ilirekodi bendi katika kanda kwa ajili ya kutangaza. Aliyetaka santuri ilimbidi avuke mpaka. Nao mpaka ulifungwa mwaka 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika, hata ulipofunguliwa tena mwaka 1983. Sisi wa Moshi, majirani wa Taveta, twaujua uzito wa miaka ile. Hata hivyo Mbaraka aliimba Kiswahili upande wa pili, na Wakenya wakampokea kama ndugu yao.

Anayezisikiliza santuri hizo leo hapati burudani tu. Husikia gitaa likijibizana na mwimbaji pasipo kumfunika, na Kiswahili kikiwausia watu juu ya mapenzi, ndoa na shida za dunia. Huo ni ushahidi wa namna tulivyoishi.

Kwa hiyo, ndugu wananchi, yatupasa kufanya mambo matatu. Kwanza, wenye santuri wazipange wima kama vitabu, mbali na jua na vumbi, wala wasizirundike. Pili, maofisa utamaduni wa manispaa na wilaya waziorodheshe, kwani mali bila daftari hupotea bila habari. Tatu, zinakiliwe ili vijana wazisikie, na haki za warithi wa wanamuziki zilindwe. Sauti ya msanii ni jasho lake.

Kampuni ya kigeni ilikumbuka kuziita Ukumbusho. Itakuwa aibu kubwa sisi wenyewe tukizisahau.