Heshima Haivaliwi

Nasema hivi nikijua kwamba Kisumu ni mji unaopenda nguo safi, kiatu kinachong'aa na suti iliyokaa sawasawa begani, na sina ugomvi na mapenzi hayo. Ugomvi wangu ni na ile kauli ambayo wazazi, walimu na wachungaji wetu huwaambia vijana kila kukicha: vaa vizuri, utaheshimiwa. Kauli hiyo ni ya uongo, na wanaoumizwa nayo ni watu wanaoulisha mji huu.

Mtazame mama anayeuza omena, wale dagaa wa ziwani. Ameamka usiku wa manane kuzipokea mashua ufuoni, amewatandaza samaki wake kwenye nyavu, akawageuza juani, akajaza magunia na kuyapakia kwenye matatu. Kesho yake asubuhi yuko mjini, leso kiunoni, ndala miguuni, harufu ya ziwa ikimfuata. Mlangoni mwa ofisi ya umma anasimamishwa: "We mama, unaenda wapi?" Kijana mwenye tai aliye nyuma yake anapita bila kuulizwa lolote. Nimesimama kwenye foleni za namna hiyo nikaona karani akimwita mwenye koti "mkubwa" na kumhudumia kwanza, huku yule mama akiitwa kwa kidole. Hakuna sheria iliyomwagiza karani afanye hivyo. Ni kauli ile ile ya nyumbani na kanisani, imefika kazini.

Watetezi wa kauli hiyo husema nguo ni dalili, kwamba humwonyesha mtu mwenye kazi, mwenye pesa, mwenye adabu. Basi waende soko la Kibuye siku ya Jumapili, robota la mitumba likifunguliwa. Zile nguo bora ambazo wachuuzi huziita kamera hugombewa kabla hazijagusa turubai, na mikono inayozigombea ni ya mwalimu, utingo, mhubiri na diwani mtarajiwa. Zilizobaki huuzwa fagia jioni. Zamani mji huu ulikuwa na kiwanda chake cha nguo, KICOMI, lakini kiliporomoka, na leo wakili na mpiga debe wanaweza kuvaa makoti yaliyotoka kwenye robota moja, tena kwa shilingi mia chache. Hiyo dalili inamwonyesha nani mwenye pesa? Inamwonyesha tu aliyewahi sokoni.

Wala desturi hii ya kuipa suti heshima haikutoka kwa mababu zetu. Reli ilifika hapa mwaka 1901, mji ukiitwa Port Florence, na mwaka 1906 wamisionari wa Kianglikana wakafungua shule Maseno. Kabla ya hapo hadhi ya Mjaluo ilijulikana kwa ngozi, shanga na manyoya aliyovaa, na mwanamke aliyeolewa alijulikana kwa chieno, ule mkia wa nyuzi uliofungwa kiunoni. Mavazi hayo yalisema mambo mengi kwa aliyeyaelewa. Wageni hawakuyaelewa, wakayaita uchi. Wasomi wa misheni waliovaa kitambaa wakaitwa jonanga, watu wa nguo, na jonanga ndio waliopata ukarani, ualimu na sikio la mkuu wa wilaya. Mwanahistoria E. S. Atieno Odhiambo ameyaandika haya kwa kina. Tunachokiita heshima leo kilianza kama cheti cha kuingia kwa mzungu.

Mwanasiasa Jaramogi Oginga Odinga naye alikuwa zao la Maseno, na alifundisha huko. Mwaka 1947 alianzisha kampuni ya Luo Thrift and Trading, kwa hiyo asije mtu akadai kwamba hakuwa na uwezo wa kushona suti. Hata hivyo, alipochaguliwa mwaka 1957 kuingia Baraza la Kutunga Sheria la wakoloni, alikwenda na vazi la Kiluo na kofia ya shanga. Watu wa Nyanza ya Kati waliomchagua hawakumdharau kwa hilo. Barabara kuu ya mji huu leo ina jina lake.

Bunge la Kenya huru limejifunza nini kwake? Mnamo Novemba 2023 Spika Moses Wetang'ula alipiga marufuku suti ya Kaunda, ile isiyofungwa tai, na mavazi ya asili ya Kiafrika bungeni, akasisitiza koti, kola na tai, huku rais wa nchi akionekana mara kwa mara ndani ya suti hiyo hiyo ya Kaunda. Jaramogi yule wa 1957 angerudishwa mlangoni.

Kinachoniuma zaidi ni mazishi. Mvuvi aliyevuta nyavu maisha yake yote, aliyesomesha watoto akiwa na kaptula moja, huvishwa suti mpya akiwa maiti, na familia huchanga au hukopa ili wote wavae sare. Hakuna aliyemnunulia koti alipokuwa akitetemeka kwa baridi ya alfajiri ziwani. Tunamwaibisha mzee huyo kwa kudai kwamba bila suti hakuwa kamili.

Nguo nzuri humpa mtu raha na ujasiri, na kijana anayekwenda kwenye usaili na avae nadhifu. Raha hiyo ni yake. Lakini namna ya kumpokea mtu mlangoni ni wajibu wa anayempokea, na wajibu huo haupimwi kwa kitambaa.

Kwa hiyo naitaka serikali ya kaunti, pamoja na kila ofisi ya umma iliyo Kisumu, itoe namba mlangoni na kumhudumia kwanza aliyefika kwanza. Askari amwulize kila mtu swali lile lile, kwa sauti ile ile, akianza na "Shikamoo mama" kwa yule wa omena. Mabango yanayowakataza raia kuingia na ndala yabanduliwe. Hili halihitaji bajeti. Mkuu wa ofisi mwenye nia anaweza kulianza Jumatatu.