Breki ikishika, tusikimbilie kuilegeza

Land Rover 109, gari ambalo kiwanda kiliacha kulitengeneza mwaka 1985, likianza kushika breki za nyuma, dawa ya haraka gereji ni kuzilegeza. Gurudumu linazunguka, mwenye gari analipa kidogo, anaondoka. Nasema dawa hiyo ni ya hatari, na kwa anayeendesha kati ya Newala na Masasi hatari ni kubwa zaidi. Newala iko ukingoni mwa uwanda wa Makonde. Ukisimama Shimo la Mungu unaona ardhi inavyoporomoka kuelekea bonde la Ruvuma. Gari la kuteremka huko linahitaji breki zote nne.

Kulegeza kunauficha ugonjwa tu, na kuutafuta si kazi kubwa. Hendibreki hulaumiwa bure, kwani kwenye Land Rover hizi haiko magurudumuni, iko nyuma ya gia boksi. Basi iachiwe, magurudumu ya mbele yazuiwe kwa mawe, ekseli ya nyuma ipigwe jeki, fundi akanyage breki na kuachia, kisha azungushe kila gurudumu kwa mkono. Likiwa zito moja, kosa mara nyingi limo ndani ya ngoma hiyo: pistoni imeshika kutu, springi imechoka, au vumbi limegandamana. Yakiwa mazito yote mawili, alegeze nati ya paipu kwenye masta silinda. Yakiachia, kosa liko huko juu. Yasipoachia, afungue nati ya kutolea upepo gurudumuni. Mafuta yakiruka na magurudumu yakawa mepesi papo hapo, mpira wa breki unaoshuka kwenye ekseli ndio umeziba. Mguu una nguvu ya kusukuma mafuta yapite, springi za viatu vya breki hazina nguvu ya kuyarudisha.

Wapo watakaosema breki za mbele ndizo zinazosimamisha gari. Kwa gari tupu, sawa. Likipakiwa magunia ya korosho, uzito unahamia nyuma. Hoja nzito zaidi ni ya spea: pengine ziagizwe Dar es Salaam, na msimu haumsubiri mtu. Lakini ugonjwa usipotibiwa breki zitashika tena, na ngoma inayochemka inaharibu sili ya habu, oili inavujia viatu vya breki, na spea za kuagiza zinaongezeka. Tena mafuta ya DOT 3 yaliyonyonya unyevu yanaweza kuchemka kwenye nyuzi 140 hivi za Selsiasi. Yakichemka, pedali inazama hadi chini.

Silaumu mafundi. Wanalipwa kwa kifaa walichofunga, hawalipwi kwa kupima, na hilo limo mikononi mwetu wenye magari. Tulipie upimaji kama kazi kamili, hata fundi akimaliza bila kubadilisha kitu. Na mpira wa zamani ukitolewa, aukate mbele ya mwenye gari: kwa nje unaweza kuonekana mzima, ndani umevimba hadi tundu linakaribia kuziba.