Silikoni siyo ufundi, jamani!

Najua mmezoea kunikuta hapa nikigombana na wanasiasa. Leo nagombana na buti la gari. Msicheke, kuna watu wamelala njaa kwa sababu yake.

Kaka yangu ni dereva wa teksi hapa Dar. Gari ni Corolla 110, ya tajiri, yeye anapeleka hesabu kila jioni. Aliyekuwa nayo kabla ya huyo tajiri alitaka ionekane ya vijana, akanunua spoila, akamwita fundi na drili, mfuniko wa buti ukatobolewa matundu manne ya boliti na moja la waya wa taa ya breki. Gari ikapendeza kweli. Masika ya kwanza ikaanza kunywa maji.

Siku ya siku kaka akampakia mama mmoja kutoka Kariakoo na mzigo wa vitenge, mtaji wake wote. Mvua ilikuwa ile ya Aprili isiyouliza. Wanafika, wanafungua buti, vitenge vya chini vinaelea! Rangi imetoka nyekundu ikaingia kwenye njano. Mama hakupiga kelele, alikaa tu chini kwenye ngazi ya duka. Kaka alilipa. Hesabu ya siku nne ilienda hapo, na nyumbani kwake wanajua walikula nini wiki ile.

Tukaenda gereji. Fundi alilitazama buti kwa muda wa kuvuta sigara nusu, akachomoa tyubu ya silikoni, akapaka kuzunguka spoila yote kama mtu anayepamba keki. Shilingi elfu kumi na tano. "Imeisha hiyo, bosi." Mvua ya Alhamisi ikatuambia haijaisha. Fundi wa pili akapaka juu ya silikoni ya mwenzake, akaongeza na kwenye taa za nyuma. Elfu ishirini. Maji yakaingia. Wa tatu ndiye aliyenitoa machozi: alinyanyua spea tairi, akang'oa kizibo cha raba kilichoko chini kwenye shimo lake, akasema, "Sasa hata yakiingia, yatatoka yenyewe."

Hebu fikirieni. Mgonjwa anaharisha, daktari anampa ndoo!

Tena tundu lile likibaki wazi linapitisha vumbi, na moshi wa ekzosi unapata njia ya kuingia kwa abiria. Moshi ule una gesi isiyo na harufu inayoua. Yaani tulimlipa mtu atuongezee hatari.

Sasa nisemeje kuhusu hii silikoni. Mfuniko wa buti ni mabati mawili, la nje na la ndani, katikati pana uwazi. Maji yakipenya kwenye tundu la boliti yanatembea kwenye uwazi ule yakifuata mteremko, halafu yanadondokea mbali kabisa na yalikoingilia. Tone ukaliona kona ya kushoto, kumbe mlango wake uko kulia. Anayepaka mahali anapoona tone anabahatisha. Na kwa nini yanapenya? Chini ya miguu ya spoila panatakiwa raba. Raba inakauka, inakakamaa, buti linabamizwa mara arobaini kwa siku, nati zinalegea. Ukipaka silikoni kwa nje huku mguu unachezacheza, ni suala la muda tu kabla haijabanduka.

Kuna jingine. Silikoni ya bei poa, ile inayonuka kama siki, inatoa asidi wakati inakauka. Kwenye kioo haina neno. Kwenye bati lililotobolewa likaachwa bila rangi, unaipalilia kutu. Na siku ukitaka kupiga rangi upya, palipogusa silikoni rangi inakataa, inafanya vishimo vishimo mpaka pasafishwe pote.

Jumapili moja nikamwambia kaka tufanye wenyewe. Mimi nimesomea uandishi, sijui gari, lakini kuuliza "umejuaje?" ndiyo kazi inayonilisha. Tulikausha buti kabisa, tukatoa zulia, tukabandika vipande vya tishu chini ya kila tundu, kila taa na kona za raba ya buti. Kaka akalaza siti ya nyuma, akaingia kwa kupitia huko na tochi, ili njia ya kutokea iwepo. Mimi nikashika mpira wa maji. Siri ni kuanzia chini kupanda juu, maji ya taratibu, dakika kadhaa kila sehemu. Ukianza juu yanamwagikia kila mahali na hujui lipi ni lipi. Taa za nyuma: kavu. Raba ya buti: kavu. Chini ya kioo cha nyuma: kavu. Kwenye spoila, kaka akapiga kelele humo ndani. Tundu la waya! Kile kipete cha raba kinachotakiwa kuuzunguka waya hakikuwepo, na mafundi wote watatu hawakuigusa sehemu ile kwa sababu imejificha chini ya spoila.

Tuliifungua spoila. Tukakwangua silikoni, tukapiga msasa kutu mpaka bati safi, tukapaka praima na rangi kwenye kingo za matundu. Raba mpya na kipete tulipata Gerezani, pamoja na ile gundi nyeusi ya utepe inayonata kama lami na haikakamai upesi. Nati ukaze za kutosha tu, ukizidisha bati linabonyea na maji yanapata kidimbwi cha kukaa. Tukarudisha kizibo cha shimo la spea, tukamwagilia tena. Tishu kavu.

Najua mafundi watasema wateja hatutaki kulipia muda. Ni kweli, nakiri. Tunafika na haraka zetu, tunataka dakika kumi, tunashusha bei mpaka fundi anaona bora apake aondoke. Lakini elfu thelathini na tano tulizotoa kwa wawili wa mwanzo zingetosha kabisa kumlipa mtu mmoja asubuhi nzima ya kutafuta. Kwa hiyo kaka sasa ana sharti, na nawasihi muwe nalo: kabla pesa haijatoka mfukoni, mpira wa maji, hapo hapo gereji, mbele ya macho yangu. Fundi anayekataa nisubiri kuona maji, ananiuzia nini?

Mama wa vitenge bado anapanda teksi ya kaka. Ila mzigo anapakata siti ya mbele.

Mafundi mliomo humu, uwanja ni wenu, nijibuni.