Maji Kwanza, Dawa Baadaye



Wahenga walisema samaki mmoja akioza wote huoza. Methali hiyo tumezoea kuitumia tunapowaonya vijana wetu juu ya marafiki wabaya, na ndani ya tenga la mvuvi ni kweli tupu. Lakini mtu anayefuga samaki wa mapambo katika tangi la kioo hana budi kuigeuza kidogo: maji yakioza, wote huoza. Juma hili napenda tulitafakari jambo hilo, maana nimeona jinsi kutolijua kunavyogharimu uhai wa viumbe wasio na sauti.

Jioni moja nilikuwa mgeni katika nyumba ya familia ninayoifahamu. Sebuleni palikuwa na tangi jipya la lita 40 hivi, na ndani yake samaki wa dhahabu 5. Siku 8 zilizotangulia waliletwa wakiwa 7. Hao waliosalia walikuwa wamejipanga juu kabisa ya maji, midomo ikifunguka na kufumba kama ya watu waliotoka kukimbia mbio ndefu, mapezi wameyabana mwilini. Kando ya tangi zilisimama chupa 3: ya kwanza ya dawa ya bluu, ya pili ya dawa ya kijani, na ya tatu ya vidonge vya antibiotiki vilivyobaki tangu mmoja wa wanafamilia alipougua. Zote zilikuwa zimetiwa majini, moja baada ya nyingine, kwa siku 3. Mtoto wa nyumba ile alinishika mkono akaniuliza, “Babu, watapona?”

Nikamgeukia baba yake: “Maji mmeyapima?”

Akanitazama kwa mshangao. “Wanaoumwa ni samaki, mzee wangu, si maji.”

Ndugu msomaji, katika jibu hilo ndimo lilimojificha kosa lote. Baba yule hakuwa mkatili wala mzembe. Alikuwa amefanya haraka, ametumia fedha zake, amekesha. Alichokosa ni kujiuliza ugonjwa ni upi kabla ya kujiuliza dawa ni ipi.

Hebu tuone samaki anaishi vipi. Sisi tunapumua hewa, tunakula mezani, na haja zetu tunakwenda kuzimaliza mahali pengine. Samaki wa tangini hupumua, hula na hutoa uchafu wake katika maji yale yale. Sehemu kubwa ya uchafu huo ni amonia, anayoitoa kwa njia ya matamvua, yaani viungo vyake vya kupumulia. Mtoni au ziwani, amonia hiyo hutawanyika katika maji mengi. Ndani ya kioo haina pa kwenda. Kinachomwokoa samaki ni bakteria wasioonekana kwa macho, wanaoota katika sponji ya chujio na juu ya mchanga: kundi moja huigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, na kundi jingine huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo madhara yake ni madogo zaidi na huondolewa kwa kubadilisha maji kila juma. Bakteria hao hawaji siku moja na samaki. Tangi jipya huhitaji kwa kawaida majuma 4 hadi 6 ndipo watoshe.

Sasa tazama kilichotokea katika nyumba ile. Samaki 7 walitiwa katika tangi lisilo na bakteria. Amonia ikapanda, ikaunguza matamvua, samaki wakapanda juu kutafuta pumzi. Mwenye nyumba akaona ugonjwa, akaleta dawa. Hakuna dawa inayoponya hewa chafu kwa mtu anayeendelea kufungiwa katika chumba chenye moshi. Na baya zaidi, antibiotiki haichagui: inaweza kuwaua hata bakteria wachache wema walioanza kuota katika chujio. Kwa hiyo kila tone la matibabu liliongeza ugonjwa uliokusudiwa kutibiwa.

Jioni ile tuliondoa nusu ya maji, tukajaza mengine kutoka katika pipa lililokaa wazi tangu juzi yake, tukaongeza nguvu ya pampu ya hewa. Kesho yake kilipatikana kipimo cha matone. Maji ambayo yangebaki na rangi ya manjano kama yangekuwa salama yaligeuka kijani. Tuliendelea kubadilisha maji kila siku na kupunguza chakula. Wawili walikufa. Watatu wakapona, pasipo dawa yoyote.

Wala sisemi haya kama mtu asiye na doa. Miaka mingi iliyopita nilikuwa na tangi langu, na siku moja, kwa kupenda usafi, niliifua sponji ya chujio chini ya bomba mpaka ikang'aa. Maji ya bomba yana klorini, na klorini imewekwa humo ili iue vijidudu. Ikafanya kazi yake: iliwaua bakteria wangu wote. Siku chache baadaye samaki wakaanza kufa, nami nikawalaumu samaki wapya niliowanunua, nikaenda kutafuta dawa. Nilikuwa mimi mwenyewe ndiye ugonjwa. Tangu hapo sponji naisuuza ndani ya ndoo ya maji yaliyotolewa tangini, wala siitaki ing'ae.

Je, nasema kwamba dawa hazifai? Hapana. Nasema ziwe na zamu yake. Mfugaji mwenye busara huanza kwa kutazama, na swali lake la kwanza ni hili: ni nani anayeumwa? Wakiugua wote kwa ghafla, usiku mmoja, shuku maji au sumu. Kumbuka kama kuna aliyepuliza dawa ya mbu chumbani, kwa maana dawa nyingi za namna hiyo ni sumu kali kwa samaki hata kwa kiasi kidogo sana. Wakiugua mmoja baada ya mwingine kwa siku kadhaa, shuku maambukizo. Akiugua mmoja peke yake huku wenzake wazima, tazama kama anapigwa na wengine, amejeruhiwa, au amezeeka. Kisha pima amonia, nitriti na kiwango cha pH, na joto pia. Hayo yakiwa sawa, ndipo tuzungumze juu ya dawa.

Na hata hapo, jina la ugonjwa lina uzito. Chukua ugonjwa wa madoa meupe, ambao labda ndio unaojulikana kuliko yote. Samaki huonekana kama aliyenyunyiziwa chembe za chumvi, hujikuna kwenye mawe na hupumua kwa haraka. Kisababishi chake ni kimelea kinachojichimbia chini ya ngozi, na humo dawa haikifikii. Kikishashiba hudondoka chini, hujifunga katika ganda, hugawanyika na kutoa vimelea vichanga kwa mamia, ambavyo huogelea kutafuta samaki wa kumwingia. Ni katika kipindi hicho kifupi cha kuogelea tu ambapo dawa huviua. Ndiyo sababu madoa yanapotoweka siku ya 3, na mwenye samaki akaacha dawa kwa furaha, ugonjwa hurudi kwa kishindo baada ya siku chache: madoa hayakupona, yalishuka kwenda kuzaa. Anayeujua mzunguko huu hulitibu tangi zima, hupandisha joto polepole ili mzunguko uende haraka, huongeza hewa kwa kuwa maji ya moto hubeba oksijeni kidogo, wala haachi dawa kabla ya muda wake.

Lakini ole wake anayepandisha joto bila kujua anatibu nini! Upo ugonjwa mwingine unaoweka utando mweupe kama pamba mdomoni mwa samaki. Wengi huuita kuvu, nao hununua dawa ya kuvu. Mara nyingi si kuvu, ni bakteria. Na bakteria hao hushamiri katika joto. Tiba ileile inayomsaidia mgonjwa wa madoa meupe inaweza kuharakisha kifo cha huyu. Vivyo hivyo samaki aliyevimba mpaka magamba yakasimama: kuvimba huko ni dalili, si jina la ugonjwa, na nyuma yake huweza kuwapo maambukizo, figo zilizoshindwa kazi, au maji mabaya ya muda mrefu.

Sisi wa Afrika Mashariki tuna sababu ya pekee ya kulijua jambo hili. Samaki wa rangi wa Ziwa Tanganyika na Ziwa Nyasa hufugwa na watu wa mataifa mengi, na Kigoma ni moja ya mahali wanapovuliwa na kusafirishwa kwenda ng'ambo. Wengi wao ni wala mwani wanaokwangua miamba mchana kutwa. Wakilishwa vyakula vizito vya nyama huwa katika hatari ya kuvimba tumbo, kususia chakula na kufa. Wataalamu bado wanabishana kuhusu kisababishi chenyewe, lakini lishe mbaya na wasiwasi vinatajwa daima. Tena maji ya Tanganyika yana pH iliyo karibu na 9, na hapo hatari ya amonia huwa kubwa zaidi. Katika joto la nyuzi 25, maji ya pH 7 huwa na chini ya sehemu 1 kwa 100 ya amonia yake katika umbo lile la sumu kali. Kwenye pH 8 hufika kama sehemu 5. Kwenye pH 9 huzidi theluthi. Kiasi kile kile cha uchafu kinachomvumilisha samaki mmoja kinamuua mwingine. Basi atatibuje mtu asiyejua mgonjwa wake ametoka maji gani?

Najua wapo watakaosema: “Mzee, huyo ni samaki tu. Kipimo ni ghali kuliko yeye. Akifa nitanunua mwingine.” Hoja hiyo naiheshimu, kwa sababu fedha haziokotwi. Lakini naikataa, kwa sababu mbili. Ya kwanza, atakayenunuliwa kesho ataingia katika maji yale yale yaliyomuua wa jana; anayesema hivyo ananunua vifo kwa mafungu. Ya pili, samaki si pambo tu. Mwaka 2003 mtafiti Lynne Sneddon na wenzake nchini Uingereza walichapisha uchunguzi juu ya samaki aina ya trauti waliodungwa vitu vya kuwasha midomoni: waliacha kula kwa muda mrefu, na baadhi walisugua midomo yao kwenye changarawe. Wataalamu wangali wakibishana ni maumivu ya namna gani. Mimi nasema hivi: samaki wa mtoni akichafukiwa na maji anaweza kuogelea akaondoka. Huyu wa kwetu hawezi, kwa kuwa sisi ndio tuliomzungushia kioo. Aliyeondoa mlango ndiye mwenye wajibu wa kuangalia hewa iliyomo chumbani.

Wajibu huo una upande mmoja mgumu. Wapo samaki wasiopona. Kuwaacha wakihangaika kwa siku nyingi si huruma, na kuwatupa chooni wangali hai ni ukatili. Kuwaachilia mtoni ni kuupeleka ugonjwa wao kwa samaki wa huko. Karafuu yetu ya Unguja na Pemba inasaidia hapa: mafuta yake yaliyochanganywa vizuri na maji humlaza samaki usingizi, na kwa kipimo kikubwa usingizi huo haurudi. Akipatikana daktari wa mifugo anayewajua samaki, mwulize kwanza. Lakini hata hilo lifanywe baada ya maji kupimwa, wala si kabla.

Samaki 3 wa nyumba ile wangali hai ninapoandika haya, sasa katika tangi kubwa zaidi, kwa kuwa lile la kwanza lilikuwa dogo mno kwao. Mtoto yule ana daftari ambamo huandika vipimo vya kila Jumamosi. Nilipopita juzi alinionyesha, akaniambia kwa fahari, “Babu, wiki hii amonia ni sifuri.” Baba yake alicheka, akaenda kabatini akaniletea zile chupa 3 nizitazame. Hazijafunguliwa tena.

Nawatakieni nyote juma jema.